Wa Tatu, Usinitie Aibu

Kitabu kilirudi nyumbani kimefungwa kwenye gazeti kama nyama, na aliyekibeba alikuwa mama mtu. Alikiweka mezani, akavuta kiti, akakaa mbali nacho kidogo. Mumewe alikuwa ananawa mikono kwenye beseni na hakugeuka mara moja, maana grisi ya vitasa haitoki kwa maji ya kwanza. Binti yao alisimama karibu na mlango, begi bado liko mgongoni.

"Amefukuzwa?" baba aliuliza.

"Amesimamishwa. Ijumaa kamati ya shule inakaa kuamua kama afukuzwe."

"Kwa kosa gani hilo?"

Mama alifunua gazeti kwa ncha za vidole. "Uchawi."

Baba alicheka. Alicheka peke yake, kisha akaona hakuna aliyemsindikiza, akanyamaza. Juu ya jalada palichorwa msichana ameshika taa mbele ya mlango mrefu kupita nyumba, na macho mawili ya kijani yakimchungulia kutoka tundu la ufunguo. Kwa mtu anayetafuta shetani, macho yale yalitosha.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jumanne asubuhi mtoto mmoja wa darasa la kwanza alitumwa chaki katika stoo ya shule. Mlango ukajifunga nyuma yake, kitasa kikagoma. Ufunguo uliingia, ukazunguka, haukufungua chochote. Seremala akafuatwa, seremala hakuwepo. Mtoto alilia, akapigapiga mlango, kisha akaacha kupiga, na ukimya huo ndio uliowatisha watu. Ndipo binti huyu, wa darasa la mwisho, alipopenya katikati ya walimu, akaomba pini mbili za nywele, akapiga magoti, akaanza kunong'ona. Hakumaliza dakika mbili. Mlango ulifunguka, mtoto akatolewa amelegea, akapepewa, akapewa maji, akapona.

Kwa muda wa saa moja hivi binti alikuwa shujaa. Kufikia mapumziko, wenzake walikuwa wameshaanza kukumbuka kule kunong'ona. Kufikia saa ya kwenda nyumbani, mlango ulikuwa umefunguka wenyewe, pini hazikuwepo, na sauti iliyosikika haikuwa ya msichana. Wazazi wakaja juu. Begi likapekuliwa, kikatoka kitabu. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda hupiga teke lake moja akarudi kwenye majani. Shule ilikuwa bado inapiga.

"Ulinong'ona nini?" baba alimuuliza.

"Maneno ya humo kitabuni."

"Na kitasa ulikifunguaje?"

"Kilikuwa kibovu, Baba. Nilikitikisa tu."

Baba aliitikia kwa kichwa. Vitasa vya shule alivijua, vya bei ya kutupa. Aliamini upesi, na aliamini kwa sababu lile jibu jingine lilikuwa baya zaidi. Yeye mtaa mzima unamwita Fundi. Kibanda chake cha kuchonga funguo, upana wake wa kitanda, kiko ubavuni mwa soko, na ukutani ametundika barua ya ofisi ya mtaa inayomruhusu kufanya kazi hiyo. Siku alipopewa barua aliapa mbele ya viongozi kwamba hatamfundisha mtu yeyote, hata wa damu yake, kufungua pasipo ufunguo. Hakukuwa na utani katika kiapo kile. Mahali popote palipovunjwa, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wake. Mara mbili ameshachukuliwa kuhojiwa na kurudishwa. Mtaa unamvumilia fundi mmoja. Wawili katika nyumba moja wangeitwa genge.

"Mwalimu Mkuu amesema twende tukakisome," mama alisema, "tujue tunalea nini."

"Basi nitakisoma mimi."

Mkewe alimtazama vizuri. Katika ndoa yao hakuwahi kumwona akisoma kitu kirefu kuliko karatasi inayokuja ndani ya boksi la kitasa. Lakini mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki saba, na mtoto aliyefukuzwa hafanyi mtihani. Katika koo zao mbili hakuna aliyewahi kufika darasa lile. Binti alikuwa hodari, wa pili darasani, na nyumbani walimwita Kwanini kwa sababu hilo ndilo lililokuwa neno lake kila alipoambiwa jambo. Yote haya sasa yalikuwa yamewekwa ndani ya kurasa mia moja na kumi.

Jumatano asubuhi Fundi alifungua kibanda, akakiegemeza kitabu kwenye mashine yake, akaanza kuwinda uchawi. Alisoma kwa kidole, midomo ikitembea. Ukurasa wa kwanza ulimchukua muda wa kuchonga funguo tatu. Wa kumi, muda wa kuchonga mmoja. Ilipofika saa tano, mama mmoja aliyeleta ufunguo uliokatika alisimama mbele yake, akakohoa mara mbili.

"Fundi, vipi? Nimekuwa hewa?"

"Subiri kidogo, mama. Yuko mlangoni."

"Nani?"

"Huyu mtoto. Wamemfungia nje."

Mama yule alizunguka nyuma ya kibanda akidhani kuna mtoto kweli.

Kitabu kilisimulia mji ambao kila mtu huzaliwa na neno lake la siri, na akilitamka, mlango wowote humfungukia. Kila mtu isipokuwa mfagiaji mmoja wa kike, mwenye miaka kumi na minne, aliyezaliwa bila neno. Watu wanapita milangoni. Yeye anabaki nje na ufagio wake. Basi anajifunza. Anasikiliza bawaba. Anapima vivuli vya kuta. Anahesabu hatua za walinzi, anakosea, anahesabu upya. Siku moja maneno yote ya mji yanaibwa kwenye ndimi za wenyewe, na watu wanajikuta wafungwa ndani ya vyumba vyao, mfalme pamoja na mpishi wake. Anayejua kufungua ni mmoja tu, yule ambaye hakuwahi kuwa na kitu.

Fundi alipofika hapo alikilaza kitabu mapajani akatazama soko bila kuliona. Alistaajabu sana. Hakujua kwamba mtu anaweza kukaa mahali akaandika kwa wino habari za kulisikiliza kufuli kwa ncha ya kidole. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili, na muda wote alidhani ni siri ya watu wenye mikono michafu, isiyo na maana yoyote kwa wasomi. Sasa ilikuwa kitabuni, na aliyeifanya alikuwa mtoto wa kike, na moyo wa Fundi ulikuwa unadunda kwa ajili yake.

Lakini kilichomshika zaidi kilikuwa pembeni mwa kurasa. Kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo, yaliyobana ukingoni. Mwandiko wa Kwanini. Pale mfagiaji alipofungua kufuli la ghala kwa kijiti kimoja, penseli ilisema: "Haiwezekani. Lazima kimoja kikaze, kingine kitafute. Baba angecheka." Fundi alikuwa ametoka kucheka. Alifunga mdomo.

Akaanza kuzitafuta zile za penseli kabla ya zile za wino. "Kwa nini hamwambii rafiki yake ukweli? Anaogopa kuachwa. Mimi pia." Hiyo aliisoma mara tatu. Pale mfagiaji alipokuwa anapanga njia ya kuingia mnarani akianzia na kutoka: "Mama husuka hivi hivi, anaanzia mwisho kichwani." Na pale watu wa mji walipomwona amefungua mlango bila neno, wakamkimbia wakimwita mchawi, naye akawaacha wamwite: "Hapa ndipo akili yake ilipo. Wakiogopa uchawi hawatatafuta waya." Fundi alitabasamu, akaona limesemwa vizuri, akafunua ukurasa.

Alikuwa amekaa na mtoto huyu miaka kumi na mitano, akidhani anamjua. Mtoto wa maswali. Yeye ndiye aliyekuwa akimwambia, mara nyingi tu, "Hebu tupumzishe." Na mtoto akawapumzisha, miaka miwili sasa. Kumbe hakuacha kuuliza. Alihamia mahali pa kuulizia. Fundi aliona uchungu, na pamoja na uchungu aliona fahari kubwa, na hakujua mtu afanye nini na vitu hivyo viwili kwa mpigo akiwa na wateja wanne kwenye foleni.

Mchana huohuo mkewe alikuwa barazani anasuka. Mteja alikuwa mke wa mwashi, wa kwake kwa miaka sita, mwenye kichwa laini na mdomo usiopoa. Siku hiyo mdomo ulikuwa umepoa. Alipomaliza kusukwa, yule mama aliinama, akaokota nywele zake zote zilizodondoka sakafuni, mpaka zile zilizobaki kwenye kitana, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo.

"Shoga, unazipeleka wapi?"

"Nitazitupa mwenyewe tu, dada. Nisikusumbue."

"Miaka sita nazitupa mimi."

"Ndiyo maana nasema umechoka."

Wa pili alikuja na kanga ya kutandika chini, akaikung'utia barabarani akiondoka. Wa tatu alimtuma mtu aseme anaumwa kichwa, na kichwa hichohicho mama akakiona jioni kimesukwa kwa msusi wa ng'ambo ya barabara. Lisemwalo lipo, watu husema, na kama halipo laja; lilikuwa limeshakuja na kukaa barazani kwake. Alichukua ufagio akafagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja.

Mumewe aliporudi na kwenda kuoga, mama alikitoa kitabu kwenye mfuko wa kazi wa Fundi ili amwone huyo shetani aliyemlia wateja. Alikifungua akiwa amesimama. Aliendelea kusimama. Chakula kilishika chini, harufu ikafika bafuni, Fundi akatoka na povu masikioni akamkuta mkewe yuko ukurasa wa kumi na mbili, mwiko mkononi.

"Umefika pale kwenye ngazi ya—"

"Usiniambie!" mama alimnyooshea mwiko. "Nakuapia, ukiniambia cha mbele utalala na hivyo vitasa vyako."

Waligombania kile kitabu kama watoto. Wakakubaliana mchana ni cha kibandani, jioni ni cha mama. Walipokuwa wanakula kile kilichonusurika sufuriani, mama alisema, "Kale katoto hakana mtu wa kukashika mkono, lakini hakakai chini kulia. Kanalia huku kanatembea." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Kwanini aliinamia sahani yake. Alikuwa hajawahi kuota kwamba wazazi wake wangemzungumzia mtu yule mezani, na furaha yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kwa dakika chache alisahau Ijumaa.

Alhamisi mzee mmoja alileta kufuli kuukuu, zito, ufunguo wake umepotea tangu mwaka juzi. Fundi alilishika tangu saa tatu. Alilibembeleza, akalipaka mafuta, akabadilisha waya mara nne. Ilipofika saa sita mzee alisema angerudi baadaye, kwa sauti ya mtu anayefikiria kwenda kwa fundi mwingine. Fundi alilisukuma pembeni kwa hasira, akafungua kitabu ajipoze. Sura ya kumi na moja. Mfagiaji naye ameshindwa na kufuli, lango la kale, ameketi chini amekata tamaa. Na ukingoni, penseli: "Limechoka springi, zimelegea. Kwa nini asilipindue? Uzito wa pini za ndani ungemsaidia."

Fundi alisoma. Alilitazama lile kufuli kuukuu. Alilipindua juu chini, akaingiza waya, akaanza upya. Lilifunguka kabla hajavuta pumzi ya tano.

Alikaa chini juu ya kopo la rangi. Miaka ishirini na miwili. Alianza kazi kabla mtoto huyu hajazaliwa. Ameshika makufuli zaidi ya vikombe vya chai, na hakuna siku wazo lile lilimpitia. Alilifunga kufuli, akalifungua tena, akalifunga, akalifungua, machozi yakimlengalenga kama mtu aliyeonyeshwa jambo kubwa mno. Kisha woga ukamwingia, taratibu, kutoka miguuni. Mtu anayejua hivi hatikisi kitasa.

Alimalizia haraka kurasa zilizobaki, akafunga kibanda mapema. Kwanini alikuwa uani anaanua nguo.

"Ile stoo hukutikisa kitasa."

Binti aliendelea kukunja shati. "Hapana, Baba."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu. Nilipokuwa nakuletea chakula kibandani, nilikuwa nakaa nasubiri vyombo. Wewe ulikuwa unafanya kazi. Mimi nina macho."

"Na yale maneno? Nimekimaliza kitabu, mwanangu. Mfagiaji hanong'oni popote."

Hapo ndipo alipoacha kukunja. "Baba, kesho usiseme kitu. Niachie mimi. Wakiuliza, nimesoma kitabuni, basi. Nitaomba msamaha, nitaahidi kuacha riwaya. Watanisema weee, mwisho wataniacha nifanye mtihani."

"Kwa nini?"

Lilimtoka kabla hajaona ni neno la nani. Binti alicheka kidogo, akachukua shati jingine.

Fundi alitakiwa kukataa palepale. Hakukataa. Alifikiria ofisi ya mtaa, akafikiria wale waliomchukua mara mbili, akasema, "Haya." Alifarijika, na alijionea aibu kwa kule kufarijika.

Ijumaa walifika shuleni mapema, wakawekwa kwenye benchi la watoto wadogo nje ya ofisi, magoti yamewafika kifuani. Mlinzi wa getini, ambaye mwezi uliopita Fundi alimfungulia mlango wa nyumba yake bure, aliwasalimia kwa mbali, mikono nyuma. Mama alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu. Aliketi wima, akawatazama wote waliopita mpaka wakainamisha macho wao.

Ndani walikuwemo watu watano: Mwalimu Mkuu, mwalimu wa nidhamu, mwenyekiti wa kamati ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi, na wazazi wawili wa kike. Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, ambaye simu yake ilikuwa haijanyamaza tangu Jumanne. Kwanini alisimama, akaomba msamaha vizuri, akasema amekosa, hatasoma tena vitabu vya namna ile. Alisema kwa unyenyekevu uliompendeza kila mtu, na Mwalimu Mkuu akaonekana kulegeza mabega.

"Kabla hatujafika kwenye msamaha," mwenyekiti alisema, "yasomwe yale maneno. Wazazi wa huku wamekuja kusikia."

Mwalimu wa nidhamu alikunjua karatasi. Alikuwa ameyakusanya kutoka kwa mashahidi wanne na kuyalinganisha. Alisafisha koo, akasoma kwa sauti ya kuhukumu:

"'Taratibu, bibi harusi, hakuna anayekukimbiza. Wa kwanza, kaa. Wa pili, kaa. Wa tatu, usinitie aibu mbele za watu.'"

Mzazi mmoja alijishika kifua.

"Mmesikia," mwenyekiti alisema. "Bibi harusi ni nani? Na hawa watatu walioamriwa wakae, wamekaa wapi? Maana hatujasikia popote walipoambiwa waondoke. Majini watatu wako shuleni kwetu na watoto wetu wanakunywa maji ya bomba moja! Huyu hata akiomba msamaha kwa magoti, aende. Mimi napendekeza afukuzwe leo."

"Naunga mkono," alisema aliyejishika kifua.

Fundi alisikia kicheko kinapanda, halafu kikaganda. Aligeuka kwa mkewe. Mkewe alikuwa ameshaanza kumtazama yeye, kwa macho ya mwanamke ambaye ameyasikia maneno yale juu ya kila kitasa kilichoingia nyumbani, na mara moja juu ya mfuniko wa chupa ya dawa. Yeye mwenyewe hakuwahi kujua kwamba huyasema kwa sauti. Alidhani anafikiri.

Akamtazama binti. Kwanini alikuwa anamtikisia kichwa, kidogo tu, asionekane na wengine. Usiseme, Baba. Na ndipo ile penseli ilipomrudia, ile aliyoitabasamia na kuipita: wakiogopa uchawi hawatatafuta waya. Mtoto huyu alijua tangu Jumanne. Alipoona watu wanatafuta jina la kumwita, aliwachagulia mwenyewe. Alikubali kuwa mchawi ili baba yake asiitwe mwalimu wa wezi. Alikuwa amepima mji mzima kwa dakika chache, akiwa na miaka kumi na mitano, akasimama katikati yake na mzazi wake. Fundi hakuwahi kusimama karibu na kitu kikubwa kama kile, na kilikuwa kimevaa sare ya shule iliyotiwa viraka kwenye kiwiko.

Aliinuka.

"Baba," Kwanini alisema.

"Kaa, mwanangu. Hayo maneno ni yangu."

"Ni yangu mimi. Nayasema nikiwa kazini. Bibi harusi ni kufuli, kwa sababu halitaki kuharakishwa. Wa kwanza, wa pili na wa tatu ni pini, ziko ndani yake. Hakuna jini. Ameyasikia kwangu akiniletea chakula, na kitabu hiki nimekisoma chote, hakimo hata herufi ya maneno hayo. Mtoto hakuroga. Alifanya kazi."

"Ohoo," mwenyekiti alisema, akaegemea kiti. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa hiyo kumbe si uchawi, ni wizi! Wewe si uliapa kwamba hufundishi mtu?"

"Sikumfundisha."

"Amejifunza hewani?"

"Ameona. Ningekuwa nimemfundisha mimi angekuwa anajua kidogo, maana mimi najua kidogo. Jana nimejifunza kwake."

Mwenyekiti hakuridhika. Alilisogeza mbele sanduku la bati la kumbukumbu za kamati, lililofungwa kwa kufuli ambalo alilitoa dukani kwake mwenyewe. "Haya. Tuonyeshe hao pini wanaoitwa kwa majina."

Fundi alitoa waya mbili mfukoni, lakini hakulishika kufuli. Alimpa binti. "Mimi mkono wangu mnaujua," alisema. "Mtazameni yeye. Sema kwa sauti, mwanangu, wasikie wote."

Kwanini alipiga magoti mbele ya meza. Aliingiza waya ya kwanza, kisha ya pili. "Taratibu, bibi harusi," alianza. "Hakuna anayekukimbiza. Wa kwanza, kaa." Watu watano walioogopa majini walijikuta wameinama wote juu ya meza, vichwa karibu kugongana. "Wa pili, kaa." Fundi aliangalia vidole vile, vyembamba, visivyo na haraka, vikisikiliza. Havikuwa vyake. Vilikuwa vizuri kuliko vyake. "Wa tatu," binti alisema, na mama yake kule nyuma alikuwa anatamka naye bila sauti, "usinitie aibu mbele za watu."

Kufuli liliruka.

Yule mzazi aliyejishika kifua alisogea kulitazama. "Mungu wangu," alisema polepole, "mtoto wa watu."

"Huyo wa tatu..." Mwalimu Mkuu alianza.

"Ni pini ya tatu, Mwalimu. Mara nyingi ndiyo msumbufu."

Mwenyekiti alilichukua kufuli lake, akalifunga, akalivuta, akaona bado ni zima, jambo lililomuudhi zaidi. Alisema Jumatatu atapita ofisi ya mtaa kueleza aliyoyaona. Fundi alimjibu kwamba hana la kukataa. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema mbele ya watu, na Jumatatu itamkuta. Alipolisema hilo aliona woga wote aliokuja nao ukiwa palepale, haujapungua hata kidogo, ila sasa haukuwa unamwamuru.

Mwalimu Mkuu alivuta karatasi, akaandika kwa muda, akaisogeza mbele. Binti arudi darasani Jumatatu, alisema, atafanya mtihani. Lakini shule lazima ijilinde. Yeye na mzazi watie saini hapa chini, wote wawili, biashara iishe.

Fundi alichukua kalamu kwa mikono miwili, kwa shukrani, akaiinamia karatasi.

"Baba, subiri," Kwanini alisema. "Hatujasoma."

Aliivuta karatasi kwake. Akaisoma yote, akafika mwisho, akarudi katikati. "Mwalimu, samahani. Hapa pameandikwa mwanafunzi hatafungua tena, kwa njia yoyote, mlango wa shule ambao hakupewa ufunguo wake. Akifungua, anafukuzwa."

"Ndivyo."

"Kwa nini hakuna habari ya mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Atakayekuwa ndani." Hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza kama alivyouliza tangu utotoni, kwa kutaka kujua. "Nikitia saini hii, siku akifungiwa mwingine, nitatakiwa nisimame nje na wengine, nimsikilize mpaka anyamaze."

"Sasa huyu ameanza!" mwenyekiti alisema. "Anasamehewa, naye anatunga sheria!"

Jumanne Mwalimu Mkuu ndiye aliyekuwa ameushika ule ufunguo, ule uliozunguka bila kufungua chochote, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia kilio kimekatika. Hakuwa amemwambia mtu jinsi alivyolala usiku ule. Alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, na chini ya mstari ule akaongeza kwa mwandiko uliopinda: isipokuwa kama kuna mtu ndani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema akiirudisha, "wewe Jumanne hukuwepo."

Kwanini aliipokea karatasi. Hakuusoma ule mstari mpya peke yake. Alianza tena juu kabisa, kwenye tarehe, akaja nayo chini neno kwa neno, kidole kikitembea, na watu wazima saba katika ile ofisi walimngoja. Fundi, ambaye maisha yake yote alitia saini pale alipoonyeshwa kwa kidole, alivuta kiti akakaa.